Salamu Aliyofundishwa Barwaqo

"Buongiorno," Barwaqo alimwambia mhudumu wa ndege. Alipoletewa maji akaongeza, "Grazie."

Abiria wa kando yake, Nkirote, nesi aliyewahi kufanya kazi Garissa kabla ya kuhamia Torino, akatabasamu.

"Kiitaliano umefundishwa na nani?"

"Mume wangu, Abdihafid. Tulifunga nikaha Wajir, sasa namfuata Torino. Amenifundisha kwa simu. Permesso nikitaka kupita, mi scusi nikimgusa mtu. Na ile ya mama mwenye nyumba atakayenipokea: Sono la sorella di suo marito. Yaani, nashukuru kwa ukarimu wako."

Nkirote aliweka kikombe chini.

"Barwaqo, hiyo si salamu. Umesema, mimi ni dada wa mume wako."

Barwaqo alicheka. Kisha kicheko kikakatika.

Waliposhuka Addis Ababa kubadilisha ndege, Barwaqo alimpigia mumewe simu.

"Abdihafid, huyo mwenye nyumba, mumewe ni nani?"

"Tutaongea ukifika."

"Nijibu."

"Ni mimi, lakini ni ndoa ya makaratasi tu, ya kupata kibali cha kuishi huku, Barwaqo. Vumilia kidogo. Yeye akiwa nyumbani utakuwa dada. Akienda kazini utakuwa mke wangu."



"Mdomo ulioniita mpenzi ndio ulionifundisha kujiita dada yako. Nasikia kinyaa. Nikikumbuka uliwahi kunigusa, natamani kujisugua ngozi itoke."

"Ukirudi Wajir watu watakucheka."

"Wacha wacheke."

Alikata simu, akaenda chooni, akatapika. Nkirote alimshikia mtandio, kisha akamsindikiza kaunta kuomba ndege ya kurudi Nairobi.

Huko Wajir, mama yake, Ramlo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hooyo, mwanangu, amekuona kama mzigo wa kuficha," Ramlo alisema. "Twende kwa kadhi."

Mbele ya kadhi, Abdihafid alisikilizwa kwa simu. Alilia, akaapa anampenda.

"Huyo mke wa Torino anajua una mke huku?" kadhi aliuliza.

"Hajui, Sheikh."

"Sheikh," Barwaqo alisema, "mke wa pili dini inaruhusu, ningekubali au ningekataa huku najua. Huyu alitaka nidanganye kwa ulimi wangu mwenyewe, kisha nilale naye kwa kujificha. Siwezi hata kuisikia sauti yake. Nitenganishe naye."

Wiki hiyo ndoa ikavunjwa. Barwaqo alirudi nyumbani, akaketi jikoni na mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu Addis, akala akashiba.