Usingizi wa Mwalimu

Asubuhi hiyo mumewe alikoroga chai kwa mkono wa kulia.

Mtu mwingine asingeona kitu. Lakini aliyekaa naye mezani alikuwa daktari bingwa wa ubongo, mwanamke aliyeota mvi ndani ya kazi hiyo, na mumewe alikuwa wa mashoto tangu kuzaliwa. Viboko vyote vya shule havikumbadilisha.

"Mkono unauma?" akamuuliza.

"Hauumi. Asante kwa kuuliza, Daktari Bingwa."

Mumewe, mwalimu mstaafu wa jiografia, hakuwahi kumwita hivyo. Nyumbani humo yeye alikuwa Mama Nyundo, kwa ajili ya ile nyundo ya mpira anayogongea magoti ya wagonjwa, na Mwalimu hakuacha jua lizame bila kumtania nayo.

Akadhani ni kiharusi. Akamwambia atabasamu, anyooshe mikono, afumbe macho aguse pua. Mwalimu alifanya yote vizuri, vizuri mno, kama mtu aliyejifunza mwili kitabuni. Hakupepesa macho. Alipotembea, mikono yake ilining'inia kama ya koti lililotundikwa msumarini, na alipopita aliacha harufu ya nywele zilizoungua.

Harufu hiyo Daktari aliijua kwa hadithi za wengine. Wapo wenye kifafa ambao kabla ya kuanguka husikia harufu ya kitu kinachoungua, na hakuna kinachoungua. Basi akasema moyoni, kumbe mgonjwa ni mimi. Akaenda hospitalini kwake akajilaza kwenye mashine ya picha, kichwa ndani ya lile bomba linalogonga kama karakana, akimwomba Mungu waone uvimbe. Mwenzake akatoka anacheka.

"Ubongo safi, dada. Kama wa msichana."

Daktari akaenda chooni, akafungulia maji, akalia. Uvimbe angeuweza. Uvimbe una jina, una upande, una mtu wa kuukata.

Aliporudi nyumbani ilikuwa alasiri, jua bado kali madirishani. Alivua viatu mlangoni, ndipo aliposikia sauti ikitoka chumbani. Mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani, mumewe alikuwa akisema peke yake: "Mama Nyundo." Kimya. "Mama Nyundo," kwa sauti nene. "Mama Nyundo," kwa sauti ya kike. Akarudia na kurudia, akipandisha hapa, akishusha pale, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli, mpaka ikatoka sauti ya Mwalimu mwenyewe, sawasawa, na kile kicheko kidogo mwishoni. Kisha mlango ukafunguka na Mwalimu akatoka akitabasamu. "Mama Nyundo! Mbona umesimama ukutani?"

Wifi yake, dada wa Mwalimu, alipokuja kuwatembelea hakumaliza hata maji aliyopewa. Alimvuta Daktari jikoni, akafungulia bomba ili maneno yao yasisikike.

"Wifi, yule si kaka yangu."

"Usiseme hivyo."

"Nimenyonya ziwa moja naye. Yule ni mgeni kavaa ngozi ya kaka yangu. Ninamjua mwanamke anayetoa watu hao."

"Wifi, mimi kichwa cha mtu ndicho nilichosomea."

"Umesoma, sikatai. Haya, niambie ni ugonjwa gani."

Daktari akafunga bomba, akatoka jikoni.

Hata hivyo hakukubali kirahisi. Lilibaki jambo moja, kipimo cha umeme wa ubongo. Akampeleka Mwalimu hospitalini Jumapili, kliniki ikiwa imefungwa, na Mwalimu akafuata kwa upole uliomtisha kuliko ambavyo ukaidi ungemtisha. Fundi wa mashine akambandika nyaya kichwani, akawasha. Kwa mtu aliye macho, mistari kwenye kioo cha mashine huwa midogo, ya haraka haraka. Hii iliinuka na kushuka polepole, mipana, mizito.

Fundi akabadilisha nyaya. Akaleta mashine nyingine. Mwisho akanong'ona, "Mama, huyu mtu kalala fofofo."

"Mimi sijalala," akasema Mwalimu, macho wazi, akimtazama. "Aliyelala ni mwenye mwili huu."

Fundi alichukua koti lake akatoka, na hatua zake zilisikika zikigeuka mbio.

Daktari alibaki. "Umetoka wapi?"

"Wodini kwako. Kwa seremala."

Alimkumbuka. Seremala aliyeanguka kutoka paani, akapumuliwa na mashine siku nyingi. Yeye Daktari ndiye aliyempima, akamwinamia sikioni na kumwita, akawaambia ndugu zake, "Poleni, hayumo tena." Mashine ikazimwa. Mumewe alikuwa amekuja kumchukua jioni hiyo, amesimama mlangoni anachezea funguo za gari.

"Ulisema kweli," ile sauti ikaendelea. "Seremala hakuwamo. Nilikuwamo mimi. Ulipozima mashine nikakosa pa kukaa, na huyu kasimama mlangoni. Siku ile ulisema kweli, Daktari Bingwa."

"Siku ile?"

Mdomo wa mumewe ukatabasamu.

Akampigia wifi yake simu. "Mlete," akasema. "Mlete sasa hivi."

Mganga alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mafua, leso mkononi, mfuko wa ubani kwapani. Alipotoa kiberiti Daktari akamshika mkono. "Hapa hakuwashwi moto, mama. Ukuta wa pili kuna mitungi ya oksijeni."

"Basi nitamtoa kwa mdomo mtupu," mganga akasema, akapenga kamasi. Akatazama kioo cha mashine. "Hiyo mistari ni nini?"

"Ni usingizi wa mume wangu."

"Sawa. Kumtoa mgeni ni kazi yangu. Lakini nikimtoa na mwenyeji kalala, mwili utakufa hapa hapa. Kumwamsha ni kazi yako."

Mganga akaanza dua, taratibu, mkono juu ya paji la uso wa Mwalimu, na mwili ukaanza kutetemeka, kitanda kikagonga ukuta, taa ikafifia ikarudi, ile harufu ya nywele ikajaa chumba mpaka wifi akaziba pua kwa mtandio na kulia chini chini, na ndani ya kifua cha Mwalimu zikasikika sauti zaidi ya moja, ya mzee, ya mtoto, ya seremala akiomba maji, zote zikisema kwa pamoja kwamba hazina pa kwenda, hazina pa kwenda, na Daktari akambinya mumewe kucha kwa kalamu ili maumivu yamwamshe, kama anavyowafundisha wanafunzi wake, akambonyeza mfupa wa nyusi, akamwita kwa jina lake, akamwita Mwalimu, akamwita baba wa watoto wake, na mistari kwenye kioo ikaendelea kupanda na kushuka polepole kama vile hakuna aliyeita.

"Muda unakwisha!" mganga akafoka. "Mwamshe!"

"Hasikii!"

"Mwambie kitu chake, si chako!"

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mwalimu hakuweza kulivumilia katika ndoa yao yote, nalo ni kumsikia mkewe akisimulia kichekesho, kwa sababu kila mara alianzia mwisho. Daktari akamwinamia. Machozi yalimdondokea mumewe shavuni.

"Mwanafunzi akajibu," akasema, sauti ikikatika, "akajibu, jana ilikuwa pale, lakini leo umehamisha ramani. Halafu... halafu mwalimu akamuuliza, kaskazini iko wapi?"

Kwenye kioo, mstari mmoja ukakatika, ukawa mdogo. Wa pili ukafuata.

"Swali," midomo ya Mwalimu ikatikisika. "Swali linaanza kwanza... mke wangu... unaniharibia..."

Mganga akapiga ukelele. Kitu kikapita kati yao kama mlango uliofunguliwa na upepo, wifi akaanguka chini kwa hofu, na chumba kikabaki na harufu ya dawa za hospitali tu.

"Kaenda wapi?" Daktari akauliza.

Mganga alikuwa akifuta jasho. "Usiniulize mimi. Wenye vitanda vingi ni ninyi."

Mwalimu hakucheka siku hiyo wala hakutania. Alilia ndani ya gari, kichwa kimeegemea kioo. Walipofika nyumbani ndipo aliposema.

"Sikuwa peke yangu kule. Kuna watu. Wagonjwa wako, Mama Nyundo."

"Wagonjwa gani?"

"Wale uliosema hawamo. Wako mahali kama korido ndefu, gizani. Wanasikia. Wanasema wewe huja, unawaita kwa sauti kubwa, nao wanakimbia kuja, wanakimbia kweli, lakini unaondoka kabla hawajafika mlangoni."

Daktari hakulala. Kulipokucha akaenda kazini, kwa kuwa hakujua pa kwenda kwingine. Kwenye wodi ya mahututi alimkuta mama mmoja ameketi kando ya bintiye, mtoto wa shule aliyezama majini. Vipimo vyote vilikwisha kufanywa, na vyote vilisema neno moja: hayumo.

"Daktari," mama akauliza, "mwanangu yumo?"

"Sijui," akasema. Tangu aanze kazi hakuwahi kumpa mzazi jibu hilo.

Akavuta kiti. Akaushika mkono wa mtoto, akamwinamia sikioni, akamwita kwa jina. Akangoja. Akamwita tena. Wauguzi wakatazamana. Aliita mpaka koo likamkauka, mpaka mama naye akaanza kuita, sauti zao zikipishana.

Nyuma yake, kutoka kitanda cha pili, alikolala mzee mwenye mpira kooni asiyeweza kutoa sauti yoyote, mtu akaitika kwa adabu, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikamfikia Daktari.

"Abee."

Daktari hakugeuka. Alikaza mkono wa mtoto, akaendelea kuita.