Fundo la Tai ya Baba

Tangu baba afariki, asubuhi za nyumba ile zilikuwa kimya. Mama alichemsha chai. Binti alipanga vitabu. Mlingoti, kijana wa miaka kumi na saba aliyepewa jina hilo kwa urefu wake, alikuwa wa mwisho kutoka chumbani.

Siku moja kabla ya mahafali ya shule, alitoka kwa madaha. Alikuwa amechaguliwa kutoa neno la shukrani mbele ya wazazi wote, naye alitaka kujaribu nguo.

Dada yake alimpima kwa macho.

"Kaka, suruali na viatu vimegombana? Mbona havifikiani?"

"Nyamaza wewe!"

Suruali iliishia juu ya vifundo vya miguu. Soksi zilikuwa nyeupe. Shati lilichomekewa upande mmoja, upande wa pili ukipepea. Mama alicheka mpaka akashika kifua. Kisha kicheko kikakatika.

Shingoni mwa mwanawe aliiona tai ya bluu ya marehemu.

Tai hiyo ilikuwa ikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na fundo lake. Jioni ya mwisho aliyotoka kazini, baba aliilegeza, akaivua kichwani, akaitundika. Tangu hapo mama hakuruhusu mtu kuigusa. Fundo lile lilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe.

"Samahani, mama," Mlingoti alisema. "Mimi sijui kufunga. Nikaona hii imeshafungwa."

Tai ilikuwa imejikunja kama jani kavu, na ncha yake haikufika hata kitovuni.

"Twende kwa babu dobi," mama alisema. "Huwezi kusimama mbele za watu hivyo."

Mzee dobi aliishi nyumba ya tatu. Kibarazani kwake palinukia sabuni na nguo zilizopigwa pasi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ehe, nani kakuvika hivi? Adui?"

Wakacheka wote. Mzee akaanza kazi. Alikunjua pindo la suruali.

"Kitambaa cha akiba kipo humu ndani. Mama ataliteremsha pindo liguse viatu. Soksi, vaa nyeusi. Viatu vyako ni vya kahawia, basi na mkanda uwe wa kahawia. Vipige rangi leo, usingoje asubuhi. Shati, anza kupiga pasi kola, halafu mabega, mikono, mwili mwisho. Na uoge vizuri. Manukato hayafukuzi jasho la jana."

Kisha akaishika tai.

"Hii lazima ifunguliwe. Tai ikikaa na fundo, kitambaa kinaharibika."

"Hapana!" mama alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mzee wangu, fundo hilo alifunga yeye."

Pasi ilitoa mvuke. Mlingoti akainama.

"Basi, mama. Nitakwenda bila tai."

Mzee aliivuta stuli, akakaa karibu na mama.

"Mwanangu, mumeo nilimfundisha mimi kufunga tai, hapa hapa, alipopata kazi. Kila jioni alikuwa akiifungua na kuitundika inyooke. Siku ile hakuifungua kwa sababu alirudi mgonjwa. Nguvu zilimwishia. Fundo lake mimi ninalo bado mikononi. Niache nimpe kijana."

Mama alinyoosha mkono.

"Nipe," alisema. "Nitaifungua mwenyewe."

Alilegeza fundo kwa kucha, polepole. Ndani ya mikunjo, mahali jua halikufika, bluu ilikuwa bado mbichi kama siku iliponunuliwa. Mama akaipapasa, machozi yakamtoka, lakini alikuwa akitabasamu.

Mzee aliipiga pasi juu ya kitambaa safi, kwa moto mdogo. Kisha akasimama nyuma ya Mlingoti.

"Upande mpana uwe mrefu. Upitishe juu ya mwembamba, uzungushe nyuma, uurudishe mbele. Sasa upandishe shingoni kutoka chini, uuteremshe ndani ya kitanzi cha mbele. Vuta taratibu. Ncha iguse chuma cha mkanda."

"Hivi, babu?"

"Hapo umefunga mbuzi. Rudia."

Alirudia mpaka mikono ikazoea.

Siku ya mahafali, Mlingoti alisimama wima, pindo likigusa viatu, mkanda wa kahawia wa baba kiunoni, tai ya bluu shingoni. Aliwashukuru walimu na wazazi. Kisha akasema, "Namshukuru pia jirani yetu aliyenivika leo, na aliyemvika baba yangu kabla yangu." Mzee dobi, nyuma kabisa ya ukumbi, alitafuta leso mifukoni asiipate.

Wiki chache baadaye, wanafunzi watatu wenzake Mlingoti walibisha hodi nyumbani kwao, kila mmoja na tai mkononi. Walikuwa wameitwa kwenye usaili wa chuo.

Mama, akiwa jikoni, alimsikia mwanawe: "Upande mpana uwe mrefu. Upitishe juu ya mwembamba..." Ilikuwa sauti ya baba yake kabisa.

Aligeuka, akautazama msumari nyuma ya mlango. Tai ya bluu ilining'inia hapo, ndefu, imenyooka, haina fundo.

"Ahsante," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akaongeza vikombe vya chai.