Tafsiri ya Matiasi

Siku ya gulio pale Nyakahura mtu hapati pa kuweka mguu. Malori ya kwenda Rusumo yalikuwa yamepaki mpaka kwenye nyasi, mbuzi wanalia na kamba shingoni, mananasi yamerundikwa juu ya maturubai. Katikati ya yote hayo Kaneza Nizigiyimana alikuwa nyuma ya meza yake ya vitambaa, amevaa gauni la kitenge cha manjano alilojishonea mwenyewe, mkasi unaning'inia kiunoni kwa utepe. Alikuwa ameinama anatafuta kipande ndani ya mfuko aliposikia sauti ya mwanaume ikimsalimia, ikauliza kama ana kitambaa kizito, kizito kuliko vyote, rangi yoyote.

Kaneza hakuinuka mara moja. Sauti ile aliijua kuliko ya kaka zake.

"Cha pazia?" aliuliza, bado ameinama.

"Cha ukutani. Nina chumba Ngara mjini, narekodi humo. Nikiongea, maneno yananirudia."

Ndipo akainuka. Mbele yake alisimama kijana mwembamba, shati la bluu limenyooshwa vizuri, viatu vimejaa vumbi jekundu la barabarani. Hakufanana hata kidogo na sauti yake. Kwa sauti ile Kaneza alikuwa ametegemea mtu wa kifua kipana na ndevu.

Wakati huo hapakuwa na mtu kati ya Ngara na Biharamulo, mpenzi wa filamu, asiyemjua Matiasi Ndayisaba kwa masikio. Ndiye aliyezitafsiri filamu za Zohali, zile za meli ya angani inayowalinda watu waliohamia sayari ya mbali. Alimsemea Nahodha Orvek, asiyemwacha mtu wake nyuma, na alimsemea Selin, fundi wa mitambo, ambaye Orvek alimpenda filamu tano nzima bila kupata nafasi ya kumwambia. Kaneza alikulia nazo katika kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea filamu, cha mjomba wake Bukuru kule Runazi. Sehemu ya tano iliishia Selin amefungiwa kwenye kituo kilichoharibika, na Orvek anaapa kwenye redio kwamba anakuja. Kisha ikapita miaka bila chochote.

"Sema, 'Selin, nakuja,'" Kaneza alimwambia.

Matiasi alicheka, akatazama huku na huku kama mtu aliyeombwa kuimba hadharani, halafu akasema. Mama muuza nyanya wa meza ya jirani aligeuka mzima mzima. Kaneza alikata kitambaa kirefu kuliko alichoombwa, na namba ya simu alimpa bila kuombwa.

Kuanzia hapo Matiasi hakukosa gulio. Alikuja na gari ndogo za abiria kutoka Ngara, akakaa kwenye kiti kidogo kando ya meza, akila mahindi ya kuchoma na kuwashikia wateja vitambaa. Jioni alipiga simu. Alimwita fundi wangu. Kaneza alimtania kwamba yeye ameipenda sauti tu, Matiasi mwenyewe angeweza kubaki Ngara na sauti ikaja peke yake. Matiasi akamjibu kwamba sauti haijui njia. Waliongea juu ya Orvek na Selin kama wanavyoongelewa ndugu walioko safarini, na katika kuongea hivyo wakafika wenyewe kwenye habari za ndoa.

Hapo ndipo Kaneza alipokuwa na hofu. Babu yake alivuka mpaka kutoka Burundi na watoto mgongoni. Yeye alizaliwa Nyakahura, akabatizwa na kusoma hapo hapo, lakini ikitokea ugomvi wa kiwanja hakosekani mtu wa kuwaita wakuja. Matiasi alitoka Kirushya, katika ukoo wa Kihangaza ulio pale tangu zamani, Wakatoliki watupu, kwao Kaneza wakiwa wa kanisa jingine, na mama yake, Febronia, alikuwa mjane mwenye sauti katika ukoo ule. Kila Kaneza alipouliza mama anasemaje, Matiasi alimwambia mama amefurahi sana na anamsalimu, ila amalize kwanza kuvuna maharage. Maharage yakaisha, ikaja kahawa.

Ndipo sehemu ya sita ya Zohali ikatoka. Matiasi aliipata kabla ya watu wote. Kaneza alimpigia kuuliza ikoje.

"Nzuri, fundi wangu," alisema baada ya kusita kidogo. "Nipe muda niitafsiri."

Ilipofika Runazi, kibanda cha Bukuru kilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Katika tafsiri ya Matiasi, Orvek alikuwa anajifanya mlevi ili kuwapumbaza maadui, na Selin alikuwa amelazwa usingizi wa dawa akimsubiri. Mwishoni walikutana, na wazee wazima walishangilia. Kaneza alilia kwa furaha mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Aliwasifia wateja filamu ile wiki nzima.

Mdogo wake, Keza, alikuwa chuo Mwanza. Alirudi likizo akiwa nayo kwenye simu, ile ya Kiingereza, isiyokatwa. Walijilaza kitandani mchana wakaitazama pamoja, Keza akitafsiri polepole. Haukupita muda Keza akaanza kumtazama dada yake kwa huruma. Selin alikufa mwanzoni tu, peke yake, redio mkononi. Orvek hakujifanya mlevi, alikuwa mlevi kweli, na alipoulizwa na vijana wapya wa meli alisema hakuwahi kuwa na nia ya kumfuata. Yaliyobaki yalikuwa milipuko na vijana wale wakirushiana utani. Matiasi alikuwa ameyakata yote yasiyosemeka, na yaliyobaki ameyafunika kwa maneno yake.

Kaneza alitoka nje nyuma ya nyumba, akapiga simu. Hakusalimia.

"Selin amekufa?"

"Amekufa," Matiasi akasema.

"Na Orvek hakumfuata."

"Hakumfuata. Kaneza, ile filamu ni mbaya. Wameitengeneza watu wengine ambao hata hawakumpenda Orvek. Niliitazama, nikakaa, nikawaza nitakuleteaje kitu kama kile. Umesubiri miaka yote hiyo."

"Aliyesubiri ni mimi. Ungeniacha niichukie mwenyewe."

"Nilitaka ufurahi."

Neno hilo ndilo lililomshtua.

"Mama yako alisema nini hasa juu yangu?"

Aliwasikia jogoo wa upande wa pili wa simu, na pikipiki ikipita. Mwishowe Matiasi alisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya nahodha yeyote, kwamba mama alisema hapana. Alisema hivyo tangu mara ya kwanza.

Kaneza alikata simu. Matiasi alipiga, akapiga tena, akatuma ujumbe wa kuomba radhi, hakujibiwa. Gulio lililofuata alikuja. Kaneza aliendelea kupima kitambaa cha mteja hadi mwisho, akamwambia Matiasi bila kuinua macho kwamba leo hana kitambaa kizito. Matiasi alisimama kidogo, akaondoka. Mama muuza nyanya alimletea Kaneza maji ya kunywa.

Usiku alilia. Asubuhi alikuwa ameshaamua. Kama ni kukataliwa, akakataliwe na mdomo wenyewe uliokataa. Alivaa gauni la kijani kibichi lisilo na mbwembwe, viatu vya kanisani na kilemba, akapanda gari hadi Ngara, na kutoka Ngara pikipiki hadi Kirushya. Hakumwambia mtu zaidi ya Keza.

Febronia alikuwa uani kwake, kati ya migomba, ameketi juu ya mkeka anachambua maharage. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, amejifunga khanga mbili, rozari shingoni. Kaneza alipiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Kaneza, wa Nyakahura."

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo. Kisha akaacha Kiswahili, akasema kwa Kihangaza, "Mimi sikusema uje."

Kaneza alimjibu kwa Kirundi cha kwao. Lugha hizo mbili ni kama watoto wa baba mmoja, hakuna aliyehitaji kusaidiwa. "Najua. Nimekuja kusikia mwenyewe ulichosema."

Febronia akamwambia. Hakupunguza makali. Alisema binti yake Priscila aliolewa mbali na hakurudi hata kumzika baba yake, na hataki kumpoteza Matiasi pia. Alisema watu waliowahi kufungasha na kukimbia wanaweza kufungasha tena. Alisema nyumba yake ni ya Wakatoliki.

"Babu yangu amezikwa Nyakahura," Kaneza alisema. "Nikifungasha, mama, nitakwenda wapi? Sina kwingine. Ya kanisa lenu sijaamua. Sitakudanganya kwamba nimeamua."

"Hujaamua?" Mama alikunja uso. "Matiasi aliniambia umeshaanza mafundisho kwa padri."

"Mimi aliniambia unanisalimu na kwamba nisubiri umalize kahawa."

Walitazamana. Kona ya mdomo wa Febronia ilitikisika, akainamisha uso kwenye ungo, na Kaneza akaona mabega yake yanacheka. Halafu kicheko kikaisha ghafla. Mama alisogea, akampa nafasi kwenye mkeka.

Walichambua pamoja. Kisha Febronia akaanza kusema bila kuulizwa. Mume wake alipolazwa hospitali, yeye Kiswahili hakukijua bado. Daktari hakujua Kihangaza. Matiasi alikuwa darasa la tano, ndiye aliyekuwa anasimama katikati.

"Daktari aliongea, mtoto akanigeukia, akaniambia baba anapona. Kila siku anapona. Nikaenda nyumbani kupalilia, maana anapona." Alitupa punje mbovu pembeni. "Nilikuja kumkuta ameshafunikwa. Sijawahi kumgombeza. Alikuwa mtoto, alitaka nilale. Lakini yule amebaki hapo hapo, anasimama katikati ya watu, anawaambia wanapona."

Hasira aliyokuja nayo ilikuwa bado ipo, ila sasa ilikuwa na mtoto wa darasa la tano ndani yake. Alipoaga, mama alimfungia maharage kwenye mfuko. Kuhusu ndoa hakusema lolote, na Kaneza hakuuliza.

Alipofika Nyakahura alimkuta mjomba Bukuru anamsubiri na habari. Matiasi alikuwa amekwenda Runazi, akaomba kibanda kwa Jumamosi mchana. Alikuwa ameitafsiri upya sehemu ya sita, yote, bila kukata.

Kaneza alikwenda. Alikaa benchi la nyuma kabisa. Matiasi alisimama mbele ya skrini, shati lilelile la bluu, akawaambia watu kwamba ile waliyoishangilia haikuwa filamu, ilikuwa uongo wake, na leo wataiona yenyewe. Kisha akakaa chini.

Ilikuwa chungu. Selin alipokufa mama mmoja alijifunika uso. Orvek aliposema hakuwahi kuwa na nia ya kwenda, kibanda kizima kiliguna, na baada ya hapo watu wakaanza kubishana na skrini. Wengine walitoka. Mzee Faustini, fundi baiskeli aliyezijua filamu zote tano kwa moyo, alisimama filamu ilipoisha.

"Turudishie ile yako," alisema.

"Siwezi, mzee. Haipo."

"Hawa waliotengeneza hii walimwonaje Orvek? Walimtazama kweli?"

"Sidhani. Hata mimi nimeumia."

Hapo waliobaki hawakuondoka. Walijimwaga nje juani wakaanza kubishana ni wapi mambo yalipoharibikia, kama ni vijana wale wapya au ni watu waliochoka kuwaza wakajaza milipuko, na kila mmoja alikuwa na lake alilotaka Orvek afanye. Mzee Faustini alisema yeye filamu zake ni tano, na tano zinamtosha. Kaneza alijifuta macho. Alikuwa amekasirika, na hasira ile ilikuwa yake mwenyewe, hakuiazima kwa mtu.

Alimkuta Matiasi nyuma ya kibanda anakunja nyaya.

"Nilikwenda Kirushya," alimwambia. "Mama ameniambia habari za hospitali."

Nyaya zilimponyoka. Alichuchumaa, akaficha uso kwenye magoti. Kaneza alichuchumaa mbele yake akasubiri, hakumnyamazisha.

"Mimi usiniambie ninapona," alisema alipoona ametulia. "Siku nikiwa ninakufa, niambie. Nikikosea, niambie. Ukinichoka, niambie."

"Nitakuambia." Alivuta pumzi. "Mama hajakubali. Chumba cha Ngara ni cha kupanga na paa linavuja upande wa kitanda. Na baada ya leo sijui kama kuna mtu atataka tena sauti yangu. Na nakupenda, nataka unioe... nikuoe, nimechanganyikiwa."

Kaneza alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya simu. "Nimekubali," alisema. "Jumapili tunakwenda Kirushya. Nitaongea mimi. Wewe utakaa."

Jumapili walikwenda baada ya misa. Febronia na Kaneza walikaa mkekani wakasemezana, huyu kwa Kihangaza, huyu kwa Kirundi, juu ya padri, juu ya watoto watakaozaliwa watabatizwa wapi, juu ya umbali wa Nyakahura. Yapo waliyokubaliana, na yapo waliyokataliana waziwazi. Mara mbili tatu Matiasi alifungua mdomo. Wote wawili walimgeukia, akaufunga. Mwishowe alikwenda kukata ndizi.

Jua lilipoanza kushuka, mama alijipangusa mikono kwenye khanga.

"Sijakubali," alisema. "Lakini wazazi wako waje. Nataka kuwaona machoni."

Njiani, wakisubiri gari, Kaneza alimpigia baba yake. Matiasi alikuwa kando yake, akisikiliza.

"Baba, mama yake hajakubali," alisema. "Amesema mje."

Mzee Nizigiyimana akauliza ni siku gani.