Saratani Mbili za Baba

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana Leonida aliingia peku kwenye mfereji wa Mang'ola na kuelekeza maji kwenye majaruba ya vitunguu. Asubuhi moja baba yake, Josephati, alikuwa akikojoa pembeni. Mkojo ulikuwa mwekundu.

"Baba Leonida, nenda zahanati," alisema mama, Katarina.

Josephati alicheka. "Hii ni hedhi ya wanaume. Asiyekojoa damu hapa Mang'ola ni mgeni au mwanamke."

Leonida aliinama akaendelea kuelekeza maji. Yeye pia alikuwa akikojoa damu tangu masika. Wenzake wangejua, wangemwita dume shule nzima.

Mwaka huo, 1984, mabonge ya damu yalimziba Josephati mkojo. Alipakiwa kwenye lori la vitunguu hadi Karatu, kisha akapelekwa hospitali ya rufaa. Huko walimpasua na kuondoa kibofu chote. Tangu hapo mkojo ulitokea tundu la tumboni, ukaingia kwenye mfuko.

Katarina na Leonida walipokwenda kumwona, walimkuta daktari kando ya kitanda chake.

"Tumekuta saratani mbili," daktari alisema. "Moja ni ya kibofu, imeletwa na kichocho cha miaka mingi. Tulipopima nyama tuliyotoa, tukaona nyingine kwenye tezi dume, chini ya kibofu. Hiyo hatukuitafuta, wala wewe hukuihisi."

"Basi hiyo ya kujificha ndiyo itaniua," Josephati alisema.

"Hapana, mzee. Hiyo ilikuwa ndogo, imetoka yote. Iliyosambaa ni ya kibofu. Ile iliyokuonyesha damu kila siku."

Josephati aliutazama mfuko wa mkojo.

Leonida akasema, "Na mimi nakojoa damu."

Mama aligeuka. "Kwa nini hukusema?"

"Baba alisema ni ya wanaume."

Josephati akajifunika shuka usoni.

Leonida alipimwa siku hiyo, akapewa vidonge, akapona. Baba yake alizikwa kabla ya vitunguu kuvunwa.

Wiki iliyofuata Katarina aliwakuta wavulana wakioga mferejini.

"Tokeni!" alisema. "Kichocho kiko humo kwenye maji. Damu kwenye mkojo si uanaume, wala si aibu. Ni ugonjwa. Ukiwahi, unameza dawa unapona. Ukichelewa, unazikwa. Na asikojoe mtu mferejini tena, mkojo ndio unaoupeleka ugonjwa majini. Haya, nani anakojoa damu?"

Walitazamana. Inosenti, aliyekuwa mkubwa wao, akainamisha kichwa.

"Sote, mama."

"Vaeni nguo. Tunakwenda zahanati."