Usiimbe, Chiriku

Asubuhi hiyo tangawizi ilikuwa imebaki fungu moja tu soko zima, na mikono miwili ikaliangukia kwa pamoja. Mmoja ulikuwa mnene, wenye alama za kuungua mpaka kwenye kiwiko. Wa pili ulikuwa mwembamba, umejaa bangili za shaba.

"Kaka, achia. Nimelishika mimi kwanza."

"Dada, nina watu sitini wanaosubiri chakula cha mchana."

"Na mimi nina koo moja tu linalonilisha. Achia!"

Yule mwanamume akaliachia fungu kama lililomchoma. Si kwamba alishindwa maneno. Alikuwa ameitambua ile sauti.

"Ngoja kwanza. Wewe ndiye Chiriku! Si ndio nyinyi mnaofanya mazoezi nyuma ya jiko langu kila Alhamisi? Dada, nimeunguza sufuria tatu kwa ajili yako, na sura yako sijawahi kuitia machoni."

"Na sasa umeitia?"

"Sasa nitaunguza jiko zima."

Chiriku alicheka mpaka muuza nyanya wa jirani akageuka kutazama. Akaligawa fungu nusu kwa nusu, akaondoka na sehemu yake, na namba ya simu ya mpishi akaondoka nayo pia.

Mpishi huyo mtaani walimwita Mwiko, kwa sababu hata akiitwa kwenye mkutano wa heshima alitokea nao mkononi. Mkahawa wake wa meza tisa ulikuwa kwenye mtaa wa maghala ya zamani, ambayo wenyewe walipoyatelekeza wasanii waliyavamia. Ghorofa ya juu alikaa mchongaji. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na wachoraji wawili waliogombana kuhusu rangi tangu jua likichomoza. Nyuma, ukuta kwa ukuta na jiko, ndipo ilipokaa bendi ya Mjomba. Huyu alikuwa mjomba wa Chiriku wa damu, ndugu wa mama yake. Ndiye aliyemlea Chiriku baada ya mama huyo kufariki, na ndiye aliyempandisha jukwaani akiwa na miaka kumi na minne. Jina la Chiriku alilipata utotoni, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Watu wa mjini walikuwa wameanza kuuzoea mtaa huo: ukija jioni unakula, unatazama picha, unacheza muziki, unarudi kwako viatu vimejaa vumbi na shati limelowa.

Kwa miezi mitano simu zao hazikupoa.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chai na mkate."

"Huko si kula, laazizi, huko ni kujidanganya. Njoo."

"Nikija kila siku nitanenepa, magauni yote yatanikataa."

"Tutashona mengine. Njoo, na ukija uniimbie kidogo. Hiyo sauti yako ndiyo iliyonifunga kamba."

Alisema hivyo mara nyingi, kwa mapenzi, na Chiriku alifurahi kila mara. Hakujua kwamba iko siku maneno hayohayo yangemkaba.

Mwiko alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Kwa miezi minne alibisha hodi kwenye ofisi za halmashauri ya jiji, akaambiwa njoo kesho, akaja kesho, mpaka wakamchoka wakakubali: Jumamosi moja barabara ingefungwa, magari yasipite, mtaa uonyeshe ulichonacho. Bendi saba, majiko ishirini, wachoraji wakipaka kuta huku watu wanawatazama. Shughuli ikifana, ingeruhusiwa kila mwezi. Ikidorora, maghala yangebomolewa yapishe maegesho ya magari. Bendi ya Mjomba ndiyo ingefunga shughuli, na kwenye kila tangazo sura iliyobandikwa ilikuwa ya Chiriku.

Wiki hiyohiyo ya shughuli, siku ya Jumatatu, sauti ilimkatikia katikati ya mazoezi ya ziada. Haikupanda wala kushuka. Ilikatika tu, kama uzi. Alimwambia Mjomba ni mafua. Kesho yake alikuwa amekaa mbele ya daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Una uvimbe kwenye nyuzi za sauti, dada, na umeanza kuvuja damu. Jumatatu ijayo tutautoa. Mpaka siku hiyo usiimbe, usiongee. Kunong'ona ndiyo kabisa usithubutu, kunakwaruza zaidi."

"Jumamosi nina onyesho, daktari. Wimbo mmoja tu."

"Wimbo mmoja unatosha kupasua kila kitu. Ukishapasua, sina cha kushona."

"Na nikitulia? Sauti itarudi?"

Daktari alivua miwani. "Ya kuongea, natumaini itarudi. Ya kuimba, sijui. Sitaki kukudanganya."

Chiriku alikaa kwenye benchi la ukumbini mpaka wafagiaji wakamzunguka na mifagio yao. Alimwandikia kaka yake, fundi cherehani aliyeishi mji mwingine, naye akapanda basi usiku huohuo. Mwiko hakumwambia. Angemwambiaje? Mtu aliyempenda kwa sauti kabla hajaiona sura yake, umpelekee sura peke yake? Aliandika ujumbe akaufuta, akaandika mwingine akaufuta. Mwishowe akatuma huu: "Jumamosi sitaimba. Tafuta mwingine. Samahani."

Asubuhi ya Jumatano Mwiko alipiga simu. Chiriku alikuwa anaoga. Kaka yake akaipokea.

"Hawezi kuongea sasa."

Upande wa pili ukauliza: "Wewe ni nani?"

"Niko naye hapa nyumbani. Kuna ujumbe nimpe?"

Simu ikakatwa. Kaka wa watu alikuwa ameapishwa asitamke neno lolote kuhusu ugonjwa, na kwa kuogopa kuropoka akasahau hata kujitambulisha. Mchana wa siku hiyohiyo mpiga besi wa bendi, ambaye habari haimkai tumboni, alipita jikoni kwa Mwiko akasema amesikia hoteli moja kubwa ya katikati ya mji inamtaka Chiriku Jumamosi. Kusikia ndiyo alisikia. Hoteli yenyewe Chiriku alishaikataa mwezi uliopita.

Alhamisi jioni mlango wa Chiriku uligongwa kwa kishindo. Alipofungua, Mwiko alikuwa amesimama na aproni yake, jasho linamtiririka.

"Nimekuja unieleze kwa mdomo wako. Si kwa ujumbe."

Chiriku alitikisa kichwa.

"Miezi minne nimezunguka ofisi za watu kama mwendawazimu. Watu ishirini wameshanunua vyakula. Sura yako iko kila ukuta. Halafu unaniandikia mstari mmoja! Ni hoteli, sivyo?"

Akatikisa kichwa tena, kwa nguvu. Akaunyoosha mkono kutafuta karatasi mezani, lakini Mwiko macho yake yalikuwa yamefika chini, pembeni ya mlango, kwenye jozi ya viatu vya kiume.

"Viatu hivyo ni vya nani?"

Chiriku alifumbua kinywa. Neno lilikuwa palepale, fupi, lenye silabi mbili tu: *kaka*. Alisikia mwasho wa damu kooni, akamkumbuka daktari, akafumba. Akamshika Mwiko mkono.

Mwiko akautoa mkono wake taratibu, na upole huo uliuma kuliko kama angemsukuma.

"Wewe ambaye huachi kuongea hata ukitafuna. Leo mimi ndiye nimekosa neno moja kwako. Basi. Nimeelewa."

Alishuka ngazi bila kugeuka. Kaka mtu alipotoka chumbani alimkuta dada yake ameketi sakafuni, analia bila sauti, mikono miwili kooni. Alitaka kumkimbilia Mwiko. Chiriku akamng'ang'ania suruali mpaka akakubali kubaki.

Ijumaa usiku hakulala. Kulipokucha alikuwa amekwisha kuamua. Ikiwa sauti itakwenda, iende ikiwa imefanya kazi. Bora abaki bubu kuliko Mwiko kuamini ameuzwa.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni alivaa gauni la kijani ambalo kaka yake alimshonea, refu, limebana kiunoni na kumwagika miguuni. Alifunga nywele juu, akatia hereni ndefu. Kaka alipotoka bafuni na kumwona, alielewa papo hapo.

"Dada! Huendi popote! Unataka kujichinja?"

Alikuwa ameshatoka, mlango umejifunga nyuma yake.

Mtaa ulikuwa hautoshi. Moshi wa majiko ishirini ulipanda kwenye taa za rangi zilizofungwa kutoka dirisha hadi dirisha. Wachoraji wale wawili, wamesahau ugomvi wao, walikuwa juu ya ngazi moja wanapaka ukuta mmoja, na watu chini wanawapigia makofi kila rangi inapokaa. Watu walikula wamesimama, wakicheza na sahani mkononi. Mstari wa mbele, kwenye viti, walikaa waheshimiwa wa halmashauri na madaftari yao, nyuso hazisomeki.

Mjomba alipomwona Chiriku nyuma ya jukwaa alimkumbatia nusura amvunje mbavu.

"Nilijua tu mwanangu hutaniangusha! Mafua yameisha?"

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

Alipanda. Kelele zilizopigwa zilimpanda kuanzia kwenye nyayo. Gitaa likaanza ule wimbo wake ambao mtaa mzima uliujua. Gitaa lingezunguka mara nne, ndipo sauti iingie. Mara ya kwanza. Ya pili. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Ya tatu. Akavuta pumzi, kifua kikajaa.

Akaona umati unapasuka. Mwiko alikuwa anakuja mbio, aproni imejaa masizi, anaomba radhi huku na huku, na nyuma yake kaka anahema. Kumbe kaka alikuwa ameenda moja kwa moja jikoni na kuvunja kiapo chake chote. Mwiko alilirukia jukwaa kama mwizi, akaweka kiganja juu ya kipaza sauti.

"Usiimbe."

Chiriku alimwonyesha watu. Akawaonyesha wale wa mstari wa mbele. Midomo yake ikaunda neno bila sauti: *mtaa.*

"Mtaa na wauchukue. Nitapika hata katikati ya magari yao. Usiimbe, mama. Nakuomba."

Gitaa lilikuwa limezunguka mara ya tano, ya sita. Watu wakaanza kunong'onezana. "Mwiko, umelewa?" Mjomba alifoka kwa meno. Chiriku alimtazama mpishi huyu, macho mekundu kwa moshi au kwa jambo jingine, na zile pumzi alizojaza kifuani zikamtoka zote. Akakiachia kipaza sauti.

Mwiko akakigeukia.

"Ndugu zangu. Chiriku haimbi leo. Ni mgonjwa wa koo, keshokutwa anapasuliwa, na alikuwa tayari kujiharibu kwa ajili yetu. Mwenye hasira anikasirikie mimi."

Mjomba alishusha mikono kama aliyepigwa na fimbo. Mheshimiwa mmoja alifunga daftari. Hapo ndipo Mwiko, mtu asiyejua kutofautisha noti ya muziki na nati, alipofumba macho na kuuanza ule wimbo:

"Nifungulie mlango, nimekuja na mvua..."

Ilikuwa mbaya. Mwanamke aliyekuwa akikaanga samaki kwenye kona hakuvumilia. "Mwiko, rudi jikoni!" akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko. Kisha yeye mwenyewe, uma wa kugeuzia mkononi, akaushika ule mstari akaunyoosha. Meza ya pili wakampokea. Wachoraji wakaimba juu ya ngazi. Mpaka kiitikio kinafika, mtaa mzima ulikuwa unaimba, na Chiriku katikati ya jukwaa alikuwa anacheza, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, Mjomba amemshika bega.

Jumatatu alipasuliwa. Akapewa siku kumi za kutotamka neno, na daftari la kuandikia. Mwiko alikuja kila mchana na chakula laini, cha vuguvugu.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza siku ya pili.

Chiriku aliandika: *Uliipenda sauti kabla ya kuniona mimi.*

Mwiko alisoma mara mbili. "Ni kweli," akasema. "Mtu huingia mkahawani kwa kunusa harufu barabarani. Lakini hakuna anayerudi kila siku kwa ajili ya harufu. Na mimi nilikuhukumu kwa jozi ya viatu. Nisamehe."

*Na kama haitarudi?*

"Utanigombeza kwa maandishi. Nitanunua madaftari."

Siku ya sita alikuja na barua ya halmashauri: wamepewa Jumamosi tatu zaidi, za majaribio. Aliisoma haraka kama jambo dogo, akaikunja, akasimama katikati ya chumba.

"Nataka kukuoa. Kaka yako nimeshamwambia, na Mjomba pia." Chiriku alichukua penseli, Mwiko akamnyang'anya. "La! Usiandike. Nataka nilisikie jibu, hata likitoka limekwaruza. Hata kama ni hapana."

Siku nne hizo Mwiko alikonda. Wapishi wenzake walimcheka waziwazi.

Siku ya kumi wote walijazana kwenye chumba cha daktari. "Sema 'aaa'," daktari alisema. "Polepole."

Ilitoka nzito, ya chini, yenye mikwaruzo. Haikuwa ile. Mjomba aliinamisha kichwa, kwa kuwa sikio lake lilisikia kilichokosekana, na Chiriku alikisikia pia.

"Imepona vizuri," daktari alisema. "Ya kuimba tutaijua baada ya miezi. Leo nakupa maneno machache tu. Yachague."

Chiriku alimgeukia Mwiko, ambaye alikuwa anaipindapinda kofia yake kama anakamua nguo.

"Supu ya juzi," akasema kwa ile sauti ngeni, "chumvi ilizidi."

Mwiko alitoa macho. "Hilo ndilo jibu?"

"Hilo lilikuwa la haraka zaidi." Akameza mate, akaushika mkono ule wenye alama za moto. "Ndiyo. Nioe."

"Inatosha kwa leo," daktari alisema, akivaa miwani yake. "Mengine kesho."