Sweta ya Nyumba ya Magurudumu

Nyumba ya Tusekile ina magurudumu. Ina kitanda, jiko na usukani!

Zamani lilikuwa basi bovu. Mama yake alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Mama huyo, acha tu!

Mama anafuma sweta za wanafunzi huko Makete, kwenye baridi kali. Leo shule hii, kesho shule ile.

Juzi Mbwiga, mtoto mdogo kuliko wote darasani, alijipima kwa kiganja chake. "Sweta yangu iwe shubiri nne!"

Mama akafuma shubiri nne. Lakini alipima kwa kiganja chake mwenyewe, kile kikubwa.

Lo! Leo Mbwiga kaivaa, kazama ndani. Hata kichwa hakionekani!

Watoto wakacheka. Mama naye akacheka. "Nipe hiyo, baba. Nitakufumia nyingine."

Jioni Mama na Tusekile wakaegesha basi lao kando ya barabara.

Lori likapita. Vuuuuu!
Sufuria zikagongana. Kala-kala-kala!
Upepo ukapenya dirishani. Fyuuuu!

"Waa! Waa!" akalia Ambele, mdogo wake Tusekile. Vidole vyake vilikuwa baridi kama maji ya mtoni.

Mama akambeba. Akambembeleza. Wapi!

Lori lingine likapita. Vuuuuu!
Sufuria zikagongana. Kala-kala-kala!
Upepo ukapenya dirishani. Fyuuuu!

"Ambele halali, mwanangu," Mama akasema taratibu. "Kesho turudi tukakae kwa bibi. Basi letu tuliache."

Tusekile akasikia uchungu moyoni. Aliipenda nyumba hii kuliko nyumba zote duniani.

Akatazama dirisha. Akatazama sweta zilizokunjwa vizuri.

"Mama, watoto wote wana sweta."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na nyumba yetu je?"

Mama akalitazama dirisha. Kisha akacheka mpaka Ambele akaacha kulia kidogo, amsikilize.

Tusekile akaleta ile sweta kubwa ya Mbwiga. Wakaitundika dirishani.

Mkono mmoja ukaziba ufa huu. Mkono wa pili ukaziba ufa ule. Kumbe ilikuwa saizi yake!

Mabaki ya nyuzi wakayaweka kati ya sufuria moja na nyingine, zisigongane.

Wakangoja. Tusekile akafumba macho.

Lori likapita. Vuu.
Sufuria kimya.
Upepo ukabisha hodi. Fyu? Hakuna nafasi!

Na Ambele? Ambele alikuwa anakoroma. Khoro, khoro.

"Ndaga, mwanangu!" Mama akanong'ona, akamkumbatia. "Asante sana. Mimi nafuma, lakini hili sikuliwaza."

"Kesho tunaenda kwa bibi?"

"Tutaenda kumsalimia tu. Halafu twende shule nyingine. Kuna watoto wanasikia baridi."

Tusekile akajifunika blanketi. Akaupapasa ukuta wa basi, polepole.

"Lala salama, nyumba yangu," akasema. "Na wewe umevaa sweta."