Kamba Isiyokazwa

Kila asubuhi Ernesti alipakia majani ya mkonge kwenye toroli la reli na kuyateremsha hadi kwenye korona, mashine inayokamua majani yakabaki nyuzi. Shamba lilikuwa karibu na Pongwe. Chini ya mteremko, kando ya reli, mkewe Lea alianika nyuzi pamoja na wanawake wenziwe, mtoto Kristina mgongoni.

Toroli halikuwa na breki. Ernesti alifunga kamba nyuma ya toroli, na ncha ya pili akaikaza kwenye nguzo juu ya mteremko. Toroli lilikimbia, kamba ilipoisha ikalidaka kwa kishindo. Watu wa mkonge wana kiburi na kamba yao. Waliamini haikatiki.

Siku hiyo ilikatika. Toroli liliteremka mbio likakata nyaya za kuanikia, na Lea akaponea chupuchupu. Ncha ya kamba ilimrudia Ernesti ikampasua shavu.

Jioni jirani yao, mzee Idarusi, alikuja kuwapa pole. Zamani alikuwa akifunga mashua za mizigo bandarini Tanga.

"Shikamoo, mzee," Lea alimwamkia.

"Marahaba, mama Kristina. Poleni."

"Ajali haina kinga," Ernesti alisema. "Kesho nafunga kamba mbili."

"Hata tatu zitakatika, bwana. Kosa si la kamba. Kosa ni kulidaka toroli ghafla. Mama Kristina, ndoo ikikuponyoka ikaenda kisimani, hufanyaje?"

"Sikazi mara moja, kamba itakatika. Naiacha iteleze huku naibana, mpaka ndoo itulie."

"Kumbe mwalimu unaye nyumbani, Ernesti, na shavu limepasuka bure."

Lea alicheka. Ernesti naye alitaka kucheka, shavu likamkataza.

"Sasa sikiliza," Idarusi aliendelea. "Ncha ya juu usiifunge. Izungushe kamba kwenye nguzo mara tatu, ushike mkia wake. Toroli likishuka, iachie kamba iteleze kidogo kidogo. Ukitaka kusimamisha, vuta mkia. Nguzo itakusaidia kuzuia. Kila asubuhi ikague kamba, iliyochakaa itupe. Na mtu asisimame mbele ya kamba iliyokazika, wala asijizungushie mkononi."

Nyapara wa shamba, Eliudi, alikubali wajaribu. Walisimika nguzo nene, wakailainisha, na Idarusi akamfundisha Ernesti kwa toroli tupu kwanza, kisha lenye mzigo. Toroli lilishuka taratibu kama bibi harusi. Wenzake walimcheka kwa mwendo ule, naye akawaacha wacheke.

Wiki iliyofuata Lea alikuwa akivuka reli na mzigo wa nyuzi mbichi kichwani, Kristina mgongoni. Aliteleza, akaanguka katikati ya reli, mguu ukanasa. Toroli lilikuwa limejaa, tayari njiani.

Ernesti alimwona. Mikono yake ilikumbuka. Hakuikaza kamba kwa pupa. Aliuvuta mkia kwa nguvu inayozidi polepole. Kamba ililia, nguzo ikatoa moshi. Toroli likapungua mwendo, likapungua tena, likasimama. Kati yake na Lea palitosha mtu kukaa.

Wanawake walimnasua. Kristina hata usingizi hakukatiza.

Lea alipanda mteremko. Mzee Idarusi alikuwa amefika kwa kusikia kelele. Lea alipiga magoti mbele yake.

"Inuka, mwanangu. Mshukuru Mungu," mzee alisema. "Gusa nguzo."

Lea aligusa. Ilikuwa ya moto.

"Zile mbio zote zimeishia humu," Idarusi alisema.

Lea aliuacha mkono wake palepale mpaka nguzo ikapoa.